Ngazi na Mwanafunzi: Historia ya Mafunzo ya Judo

Kati ya sanaa zote anazorithi mwanadamu kutoka kwa wahenga wake, sanaa za kupigana ndizo zilizo ngumu kuliko zote kuhifadhiwa. Shairi laweza kulala kabatini miaka mia mbili, kisha akatokea msomaji mmoja akaliamsha. Kinyago hukaa. Wimbo hurukia mdomo wa mtoto hata asiyefundishwa. Lakini namna ya kumshika mtu ukosi, kumyumbisha na kumbwaga chini pasipo kumvunja shingo, haina ghala nyingine ila kiwiliwili cha mtu aliyejifunza kwa miaka mingi. Mtu huyo akifa bila mwanafunzi, sanaa yake huzikwa pamoja naye. Kwa hiyo swali ambalo kila mwalimu hujiuliza, yaani kwa nini vijana huja kwa wingi na kuondoka mmoja mmoja, katika sanaa hizi si swali la ufundishaji tu. Ni swali la uhai na mauti ya urithi wenyewe.

Watu wa mwambao wetu wanayo ngoma ya kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo unaochezwa Lamu, Pemba na kwingineko katika harusi na sherehe nyingine. Mchezo huo haukuhitaji darasa. Mtoto alisimama ukingoni mwa uwanja akatazama, akaokota kijiti, akajaribu na mwenziwe nyuma ya nyumba. Hata siku moja naye akaingia uwanjani mbele ya zumari na ngoma. Kilichomshika ni macho ya watu wa mtaa wake. Hiyo ni njia njema, nayo hudumu maadamu sherehe zadumu na mtaa wadumu. Walakini sanaa inapotolewa mtaani ikaingizwa shuleni, macho ya mtaa hayapo tena, na badala yake lazima pawe na mwalimu, saa maalum na utaratibu. Taifa lililokutana na jambo hili mapema, na ambalo habari zake zimeandikwa vizuri, ni Japani. Tumeona yafaa tuzieleze habari hizo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa walimu wetu wanaofundisha ngoma, maigizo na michezo watajiona humo mara nyingi.

Mwaka 1868 utawala wa ukoo wa Tokugawa uliangushwa na madaraka yakarudishwa kwa Mfalme Meiji. Katika miaka michache iliyofuata, tabaka la wapiganaji walioitwa samurai lilipoteza posho zake na heshima zake, na mwaka 1876 ilitolewa amri ya kuwakataza kubeba panga hadharani. Sanaa zao zikageuka kuwa mzigo. Miongoni mwazo ilikuwamo jujutsu, mieleka ya mikono mitupu ambayo kila ukoo wa walimu ulikuwa na mapokeo yake, siri zake na hati zake. Vijana wa mjini wakaiona kuwa ni mambo ya kizee. Wao walitaka Kiingereza, hesabu, na suruali za Kizungu. Walimu wengi wa jujutsu wakafunga kumbi zao. Baadhi yao walijipatia riziki kwa kazi moja waliyoijua kutokana na sanaa yao, nayo ni kuunga mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka.

Hapo ndipo anapoingia Kano Jigoro. Alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Mikage, karibu na Kobe, akaenda Tokyo kusoma angali mtoto. Alikuwa na akili nyingi na mwili mdogo, kimo chake kisifikie sentimita 160 hata alipokuwa mtu mzima, na wenziwe shuleni walimwonea. Akaapa kujifunza jujutsu. Shida ilikuwa kumpata mwalimu, maana hapakuwa na aliyetaka kumfundisha kijana msomi sanaa iliyokufa. Basi akawa anazunguka mitaani akitafuta vibao vya waunga mifupa, akiingia na kuuliza kama wanamjua mtu. Kwa njia hiyo, mwaka 1877, alimfikia Fukuda Hachinosuke.

Kuna kisa ambacho Kano mwenyewe alikisimulia baadaye, nasi twadhani kila mwalimu angekijua. Siku moja Fukuda alimbwaga kwa mbinu fulani. Kano akainuka akauliza: mkono huu niuweke wapi, na mguu je? Mwalimu akamjibu kwa kumbwaga tena. Akauliza mara ya tatu, akabwagwa mara ya tatu. Hatimaye mzee akamwambia kwamba maelezo hayana faida. Afanye mara nyingi, ataelewa. Tusimhukumu Fukuda kwa haraka. Njia yake ilikuwa imefaa karne nyingi, kwa sababu mwanafunzi wa zamani alikuwa mtoto wa samurai ambaye hakuwa na pa kwenda. Sanaa ndiyo iliyokuwa kazi yake na jina lake. Mtu wa namna hiyo humpasi mwalimu kumshawishi. Lakini mwanafunzi wa mwaka 1877 alikuwa na milango mingine, na kila alipobwagwa bila kuelezwa alikumbuka milango hiyo. Kano alibaki kwa kuwa alikuwa Kano. Kwa siku nyingine aliyekuja ukumbini alikuwa yeye peke yake, akirudia mazoezi bila mwenzi.

Fukuda alifariki mwaka 1879, na Kano, kijana wa chini ya miaka ishirini, akakabidhiwa maandiko ya mapokeo yake. Akasoma kwa mwalimu wa pili, naye akafariki mwaka 1881. Akaenda kwa wa tatu, wa mapokeo mengine. Hapana shaka vifo hivyo viwili vilimfundisha jambo ambalo hakuna mbinu ingeweza kumfundisha. Alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake sanaa ikibakia katika mikono ya mtu mmoja.

Mwezi Mei mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua chuo chake katika hekalu la Eishoji, Tokyo, akakiita Kodokan. Ukumbi ulikuwa na ukubwa wa mikeka 12 ya Kijapani, na wanafunzi walikuwa tisa. Sanaa yenyewe akaiita judo, yaani njia ya ulaini. Inasimuliwa kwamba vishindo vya vijana vilitikisa hekalu hata padri mkuu akalalamika. Chuo kile cha mikeka 12 ndicho kilichozaa mchezo ambao mwaka 1964 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki. Tunachotaka kukitazama hapa ni namna alivyowashika wale wa mwanzo wasiondoke.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kulijibu swali ambalo Fukuda hakulijibu. Kano alieleza. Alionyesha kwamba mtu hubwagwa akiwa tayari amepotezewa mizani, hata mwenye nguvu chache aweza kumwangusha mwenye nguvu nyingi endapo atamyumbisha kwanza. Mwanafunzi aliyeshindwa leo aliweza kujua kwa nini ameshindwa, na ajuaye kwa nini ameshindwa ana sababu ya kurudi kesho. Jambo la pili lilikuwa kuwafundisha namna ya kuanguka kabla ya kuwafundisha kuangusha, na kuziondoa mbinu zinazovunja viungo katika mapambano ya mazoezi, akizihifadhi katika kata, yaani mifuatano iliyopangwa ya mbinu. Hivyo vijana wawili waliweza kushindana kwa nguvu zao zote, jioni ile, na wote wawili wakarudi nyumbani wakitembea. Mazoezi haya ya kupambana kwa hiari huitwa randori. Katika mapokeo mengi ya zamani mwanafunzi alirudia mifuatano kwa miaka kabla ya kuonja pambano. Huku Kodokan aliionja ladha ya sanaa mapema, nayo ladha ina nguvu ya kuvuta kuliko ahadi.

Jambo la tatu ndilo lililosifika zaidi duniani, nalo ni madaraja. Zamani mwalimu wa jujutsu alitoa hati chache tu, moja baada ya nyingine, na kati ya hati na hati ingeweza kupita miaka mingi. Kano aliona kwamba kijana wa siku zake hawezi kutembea usiku mrefu namna hiyo bila kuona taa. Akaazima utaratibu kutoka kwa wachezaji wa go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe ambao kwa kina cha hesabu twaweza kuulinganisha na bao letu. Wachezaji hao walikuwa na madaraja yaliyoitwa dani tangu karne ya 17. Mwaka 1883 aliwapa daraja la kwanza wanafunzi wake wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro. Yapata mwaka 1886 wenye madaraja wakaanza kufunga mkanda mweusi, wasiokuwa nayo wakabaki na mweupe. Yafaa izingatiwe kwamba jina la daraja lile la kwanza kwa Kijapani lina maana ya daraja la mwanzo. Mkanda mweusi, ambao siku hizi watu huudhani kuwa ni kilele, kwa Kano ulikuwa kizingiti cha mlango.

Jambo hili si geni kwetu. Chuoni, mtoto aliyemaliza juzuu ya Amma hupikiwa chakula, wenziwe wakala, wazazi wakafurahi, ingawa Msahafu karibu wote ungali mbele yake. Wazee waliojua kumlea mwanafunzi walijua kwamba safari ndefu hukatwa vituo. Na sisi tuliotumikia Serikali kwa miaka mingi twaujua uzito wa cheo kidogo. Mtu aweza kufanya kazi ile ile juu ya meza ile ile, lakini barua moja ya kupandishwa daraja, hata kama nyongeza ya mshahara haitoshi kununua debe la unga, humfanya awahi kazini miezi sita. Mwezi wa saba ni hadithi nyingine, nasi tutaufikia.

Kwa madaraja aliongeza mashindano. Tangu mwaka 1884 Kodokan ilifanya shindano la wekundu na weupe, ambamo wanafunzi waligawanywa pande mbili, na mshindi alibaki uwanjani kumngoja mpinzani mwingine, na mwingine tena, mpaka ashindwe au watoke sare. Aliyewaangusha wengi mfululizo aliweza kupandishwa daraja siku hiyo hiyo. Lakini Kano alikuwa mwalimu wa kazi, tena alikuja kuwa mkuu wa chuo kikubwa cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi, naye alijua kwamba mashindano huwashika washindi na kuwafukuza wengine. Ndipo tunapoona busara ya desturi nyingine ya Kodokan, isiyosifiwa sana, nayo ni mazoezi ya kipupwe. Katika siku za baridi kali kuliko zote wanafunzi hufika ukumbini kabla ya mapambazuko, siku baada ya siku, na anayehudhuria zote pasipo kukosa hupewa hati. Hati hiyo haiulizi nani hodari. Mnyonge aweza kuipata na bingwa akaikosa. Katika chuo ambacho kila kitu kingine kilipima nguvu na ustadi, hapa palikuwa na heshima iliyotolewa kwa kuja tu, nasi twaiona kuwa ndiyo hati yenye hekima kuliko zote zilizotolewa pale.

Zaidi ya hayo, Kano hakuacha mwili ufanye kazi peke yake. Mafunzo yake yalikuwa na sehemu nne: randori, kata, mihadhara, na maswali na majibu. Jasho likikauka vijana walikaa wakaulizana.

Pamoja na haya yote, chuo hakikuwashika wote. Saigo Shiro, mmoja wa wale wawili wa daraja la kwanza, mtu mdogo wa mwili ambaye ushindi wake uliieneza sifa ya Kodokan na ambaye maisha yake yalimpa mwandishi mmoja kisa cha riwaya mashuhuri, aliondoka yapata mwaka 1890, Kano akiwa safarini Ulaya. Hakurudi tena. Alifariki miaka thelathini na kitu baadaye, na Kano akampa daraja la sita akiwa maiti. Twamtaja kwa sababu walimu wengi hudhani kwamba anayeondoka ni mvivu au asiyejaliwa kipaji. Saigo alikuwa amepanda ngazi mapema kuliko wenziwe, na alipopanda akaona uwanda mwingine uliomvuta. Ngazi humsaidia mtu kupanda, haimfungi juu.

Mfano wa Kano ulienea hata katika sanaa za jirani. Katika kisiwa cha Okinawa, karate ilifundishwa zamani kwa siri, aghalabu usiku. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868 na ambaye kazi yake ilikuwa ualimu wa shule, aliandika kwamba alitumia miaka kumi kujifunza kata tatu tu. Mwalimu wake mmoja, Itosu Anko, alipoiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, alitambua kwamba mtoto wa darasani hana miaka kumi ya kutoa kwa kata tatu. Akatunga kata tano fupi kwa ajili ya watoto. Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo, akaionyesha sanaa yake Kodokan kwa mwaliko wa Kano, na mwaka 1924 akatoa madaraja ya kwanza ya karate kwa mtindo wa judo. Wapo wanaosikitika kwamba kina kilipotea. Huenda. Lakini wanaosikitika wanaijua karate kwa sababu ya watoto wale.

Ulaya ikaongeza rangi. Huko London klabu ya Budokwai, iliyoanzishwa mwaka 1918, ilikwisha kuitumia mikanda ya rangi kabla ya mwaka 1930, na Kawaishi Mikinosuke, aliyefika Paris mwaka 1935, akaupanga utaratibu wa nyeupe, manjano, chungwa, kijani, buluu na kahawia kabla ya mweusi. Kwa kuwa Wafaransa walishindwa na majina ya Kijapani, akazipa mbinu namba. Judo ikashamiri Ufaransa kuliko katika nchi yo yote nyingine ya Ulaya. Hapa ndipo mwezi wa saba unapoanza kuonekana. Mkanda ukishakuwa wa rangi sita, mwanafunzi huweza kuanza kuhesabu mikanda badala ya mbinu, na mwalimu mwenye tamaa huweza kuuza rangi. Vijana waliofika mweusi wakaudhani kuwa ni cheti cha kumaliza shule, wakautundika ukutani, wasionekane tena. Hata kwetu, filamu za Bruce Lee zilipojaza kumbi za sinema za Dar es Salaam katika miaka ya 1970, vijana wengi walikimbilia karate wakitaka kupiga mateke ya hewani kabla ya mwezi kuisha. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Waliobaki katika mazoezi baada ya vumbi kutua hawakubaki kwa ajili ya filamu.

Basi waliobaki, hapa na kwingineko, hubaki kwa ajili ya nini? Historia ya judo inayo jibu moja lililo hai kuliko nadharia zetu, nalo ni maisha ya mwanamke mmoja.

Kano alianza kumfundisha mwanamke mwaka 1893, na idara ya wanawake ikafunguliwa rasmi Kodokan mwaka 1926. Walitengwa na mashindano, wakafundishwa zaidi kata na randori ya upole, na mkanda wao mweusi ukatiwa mstari mweupe ili watambulikane. Miongoni mwa walioingia mwaka 1935 alikuwamo Fukuda Keiko, aliyezaliwa mwaka 1913. Alikuwa mjukuu wa Fukuda Hachinosuke, yule mwunga mifupa. Kano mwenyewe ndiye aliyemwalika, kwa kumkumbuka mwalimu wake. Alipoletewa posa aliambiwa kwamba akiolewa ataacha judo, akachagua judo. Mwaka 1938 Kano alifariki melini akirudi kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo, na Keiko akaendelea.

Mwaka 1953 alipewa daraja la tano. Hapo ngazi ikakatika. Kanuni ya Kodokan ilisema mwanamke hawezi kupita daraja la tano, wala haikujali ustadi wake wala miaka yake. Wanaume aliowatangulia walimpita. Karibu miaka ishirini alikaa kwenye kipago kimoja, bila barua ya kupandishwa, bila shindano la kushinda, bila rangi mpya ya kungojea. Katika hali hiyo, kwa hesabu ya wale wanaoamini kwamba daraja ndilo limshikalo mwanafunzi, alipaswa kuondoka. Hakuondoka. Alivuka bahari kwenda Marekani, akafundisha katika Chuo cha Mills, Oakland, tangu mwaka 1967, kisha akafungua klabu ya wanawake huko San Francisco. Walikuwapo wanafunzi wa kuwabwaga na kuwainua, na ilikuwapo kata ambayo kila asubuhi ilikuwa na kosa jipya la kurekebisha. Hayo yalimtosha kuja ukumbini. Lakini hayakumfanya aiite dhuluma kuwa haki, na uvumilivu wake usitumiwe na mtu ye yote kuwa hoja ya kuwanyima wengine. Yeye na wanafunzi wake wakadai kanuni ibadilishwe, na mwaka 1972 alipewa daraja la sita, pamoja na mwenziwe Noritomi Masako, wakiwa wanawake wa kwanza kulifikia.

Mwaka 2006 Kodokan ilimpa daraja la tisa, naye akiwa amepita miaka tisini na angali akifundisha. Mwaka 2011 Wamarekani wakampa la kumi, ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelipata kabla yake. Alifariki mwezi Februari mwaka 2013, akiwa na miaka 99. Mwaka 1973, mjukuu huyu wa mwalimu aliyekataa kusema mkono uwekwe wapi, alichapisha kitabu cha kata kwa ajili ya wanawake, na humo alieleza, hatua kwa hatua, mkono uwekwe wapi na mguu wapi.